Kilichoandikwa na Kinachotendwa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikibishana juu ya bajeti, Katiba na masilahi ya walimu. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kazi inayonilisha, yaani ufundishaji wa lugha za programu. Wasiosomea kompyuta wasikimbie. Jambo lenyewe linahusu maandishi na uaminifu wake, na hilo ni la kila mtumishi wa umma aliyewahi kuweka saini chini ya waraka.

Muhula uliopita nilikaa katika jopo la kusikiliza miradi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Kijana mmoja alileta programu ya kutunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, cha aina ile inayoendeshwa na kina mama katika mitaa yetu: hisa, mikopo, marejesho, na faini za wachelewaji. Kazi ilikuwa safi. Akaandikisha mbele yetu wanachama watatu wa mfano, kisha akamtoza mmoja wao faini ya shilingi 2,000 kwa kuchelewa kikao. Alipofungua ukurasa wa mwanachama wa pili, faini ileile ilikuwa pale. Akafungua wa tatu, na pale pia ilikuwapo. Mmoja kachelewa, wote wametozwa.

Chumba kilicheka. Yeye hakucheka. Aliifungua matini ya programu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akaniambia: “Mwalimu, hapa nimeandika orodha tupu.” Na kweli ndivyo alivyoandika. Yeyote angeusoma mstari ule angeuelewa vilevile: mwanachama mpya anaanza na orodha ya faini isiyo na kitu. Ila mashine haikuuelewa hivyo. Katika Python, thamani ya msingi ya kigezo hutengenezwa mara moja tu, pale methodi inapofafanuliwa, wala haitengenezwi upya kila methodi inapoitwa. Ile orodha tupu ilikuwa moja, na wanachama wote waliishika kwa pamoja bila kujua, kama kiwanja chenye hati moja na wamiliki watatu.

Mjumbe mwenzangu wa jopo alitoa hukumu ya haraka: kosa ni la mwanafunzi, mtego huu unajulikana, vitabu vinautaja. Ni kweli vinautaja. Mimi nilirudi nyumbani na swali jingine. Kwa nini lugha iliruhusu maandishi yaendelee kusema “tupu” ilhali kitu chenyewe kimekwisha kujaa?

Swali hilo lina historia ndefu. Katika kila lugha ya programu kuna thamani ambazo mwandishi huziandika wazi palepale zinapohitajika: namba 16, neno “Mwanza” ndani ya alama za kunukuu, orodha ya siku saba za juma. Wanataaluma huziita literali. Tofauti kati ya literali na kigeu ni kubwa. Kigeu ni jina, na jina laweza kutaja hiki leo na kile kesho. Literali haimtaji mwingine, inajisema yenyewe. Lakini katika lugha za obijekti, ambako kila kitu, au karibu kila kitu, ni obijekti yenye hali yake ya ndani, linazuka swali ambalo mwanahisabati asingeliuliza kamwe: je, obijekti iliyozaliwa na literali iruhusiwe kubadilika?

Jibu langu ni hapana. Nimebishana na wenzangu wenye akili waliojibu ndiyo, na hoja zao si za kubeza, nitazifikia. Kwanza nitoe mfano ambao hauhitaji kompyuta.

Tarehe 1 Aprili 2020, Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14, ikiwa hatua mojawapo ya kupunguza makali ya janga la UVIKO-19. Tarehe 1 Januari 2021 kiwango kikarudishwa 16. Ndani ya miezi tisa, programu za mauzo nchini humo zililazimika kurekebishwa mara mbili. Nini hasa kilibadilika? Hakika haikuwa namba. Kumi na sita haikugeuka kuwa kumi na nne siku ile ya Aprili. Ilibaki kumi na sita kwa kila anayehesabu vidole vya mikono na kuongeza sita vya miguu. Kilichobadilika ni kiwango, yaani jina lililokuwa likitaja 16 likaanza kutaja 14. Mwandishi makini wa programu alikuwa na kigeu kimoja chenye jina hilo, akakirekebisha mahali pamoja, akalala. Mwandishi mvivu alikuwa ametapanya 16 katika kila kona ya matini yake. Huyo alihangaika, na kuna kurasa alizozisahau. Hata hivyo, kila alipogeuza, maandishi yake yalionyesha kwamba amegeuza.

Ipo njia ya tatu ambayo ukiitaja inasikika kama mzaha: kuiacha 16 imeandikwa kila mahali ilipoandikwa, kisha kuiamuru mashine kwamba tangu sasa 16 ni 14.

Mzaha huo umewahi kuwa kweli. FORTRAN ilitoka IBM mwaka 1957 kwa kazi ya John Backus na kundi lake, na toleo la pili la mwaka 1958 likaleta subrutini. Desturi ya lugha ile ilikuwa kuipa subrutini anwani ya mahali thamani ilipo katika kumbukumbu ya mashine, badala ya kuipa nakala. Namba zilizoandikwa nazo zilikuwa na mahali pake katika kumbukumbu. Basi, kwa baadhi ya kompaila za zama hizo, ukiipa subrutini namba 4, nayo ndani kwa ndani ikaandika 5 juu ya kigezo chake, basi kila palipoandikwa 4 katika programu palianza kumaanisha 5. Wazee wa fani husimulia habari hii kama kichekesho. Nadhani ni mara chache watu wamecheka kwa sababu sahihi kiasi kile.

FORTRAN ya wakati ule haikuwa lugha ya obijekti. Smalltalk-80 ilikuwa, tena ndiyo iliyotufundisha wengi maana ya neno hilo. Ilitoka katika maabara ya Xerox PARC kule California, kwa mikono ya Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao, na mpaka leo sijaona lugha yenye fikra moja iliyofuatwa kwa uaminifu kama ile: kila kitu ni obijekti, na kila jambo hutendeka kwa obijekti kutumiana ujumbe. Humo mtu aliweza kuandika safu ya namba kama literali ndani ya methodi. Kompaila iliijenga safu hiyo mara moja, ikaihifadhi ndani ya methodi yenyewe, na kila methodi ilipoitwa ikatoa safu ileile. Aliyeipokea aliweza kuiambia: weka 9 katika nafasi ya kwanza. Safu ilitii. Kuanzia hapo, kila aliyeiita methodi ile alipewa safu yenye 9, hata kama hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu amepita.

Lililo zito zaidi ni hili: ukiifungua methodi ile kuisoma, hutaiona 9. Utaona namba zilezile alizoandika mwandishi. Ukiikusanya upya kwa kompaila bila kubadili herufi hata moja, tabia yake inageuka na kurudi ilivyokuwa. Yaani unasahihisha kosa kwa kuyaandika tena maneno yaleyale, na hujui umesahihisha nini.

Waliofanya kazi serikalini watalielewa jambo hili haraka kuliko wanafunzi wangu. Fikirieni jalada la masjala lenye waraka ndani. Ofisa mmoja analiazima, anafuta tarehe kwa wino mweupe, anaandika nyingine, anarudisha. Hakuna nakala iliyotolewa, hakuna dokezo lililoandikwa. Wasomaji wa asubuhi walisoma tarehe moja, wa jioni wanasoma nyingine, na kila upande unaapa kwamba umelisoma jalada lilelile. Na kweli wamelisoma lilelile! Ugomvi wa namna hiyo hauna mwisho, kwa sababu kila mgomvi anasema kweli.

Sasa niwatendee haki wapinzani. Hoja yao iliyo bora inasema hivi: obijekti kwa asili yake ni kitu chenye hali inayobadilika, na lugha nzuri haina matabaka. Ikiwa safu niliyoiunda kwa kutuma ujumbe inabadilika, kwa nini safu niliyoiandika kwa mkono iwe na hadhi tofauti? Wanaongeza kwamba anayeanza kujifunza atashangaa kuona orodha mbili zinazofanana kwa sura, moja inakubali nyongeza na nyingine inamkatalia.

Kuhusu matabaka, nijibu kwamba yapo tayari na hakuna anayeyalalamikia. Katika Smalltalk hiyohiyo, 3 ni obijekti kamili inayopokea ujumbe, na sijapata kukutana na mtetezi wa usawa anayedai haki ya kuifanya 3 iwe kubwa kidogo. Tunajua kwa silika kwamba ukiongeza moja juu ya tatu unapata kitu kingine, na tatu inabaki kwao. Python imeifuata silika hiyo hadi kwenye maneno: stringi haibadiliki, na ukitaka herufi kubwa unapewa stringi mpya. Java nayo imefanya hivyo tangu mwanzo, na literali zake za stringi zinazofanana hushirikishwa kama obijekti moja kwa utulivu kabisa, kwa kuwa hakuna awezaye kuichafua. (Kulikuwa na hila ya kupenya ndani ya obijekti za Java na kuzigeuza, na vijana wa maabara waliifurahia sana. Matoleo ya karibuni yameufunga mlango huo.)

Kuhusu mshangao wa mwanafunzi, hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu kwa sehemu. Zamani nilikuwa nikifundisha kwamba tatizo ni kubadilika. Kijana wa faini alinifanya nilitazame upya. Kubadilika peke yake hakuna ubaya. Mabano ya mraba katika Python au JavaScript hutoa orodha inayobadilika, na mamilioni ya mistari imeandikwa hivyo bila madhara, kwa sababu kila mashine inapoufikia mstari huo huunda orodha mpya. Ushirika peke yake pia hauna ubaya, kama tulivyoona katika stringi za Java. Madhara huanza pale kitu kimoja kinaposhikwa na wengi na hapohapo kila mmoja wao anaruhusiwa kukigeuza. Mswahili anajua: chungu cha wengi si tatizo, tatizo ni kila mpishi kutia chumvi kwa siri.

Kwa hiyo msimamo wangu ninausema kwa upana kidogo kuliko swali lilivyoulizwa. Chochote ambacho kompaila hukijenga mara moja na kukitoa tena na tena, kiwe kimeganda. Mwandishi akitaka kitu kinachobadilika, lugha impe namna ya kusema waziwazi “niundie kipya”, na kisomeke hivyo. Smalltalk za baadaye zilielekea huko kwa njia mbili. Squeak na Pharo zina mabano yanayounda safu mpya kila mara, tofauti na alama ya safu ya literali; VisualWorks nayo ikazigandisha literali zenyewe. Mimi ningechukua zote mbili.

Waliosimamia JavaScript walikutana na jambo hili katika kona isiyotarajiwa. Kuna obijekti za kutafutia ruwaza ndani ya maandishi, nazo huandikwa kama literali katikati ya mikwaju. Obijekti hizo hukumbuka mahali utafutaji wa mwisho ulipokomea. Kwa kanuni za mwaka 1999, literali ya namna hiyo ilizaa obijekti moja tu, haidhuru mstari uendeshwe mara ngapi. Matokeo yake, utafutaji ulioanza leo uliweza kuendelea pale ulipoachwa na utafutaji wa jana, na mwandishi akaona jibu la ndiyo, kisha hapana, kisha ndiyo, kwa swali lilelile. Mwaka 2009 kanuni ikabadilishwa: kila mstari unapoendeshwa, obijekti mpya. Ni nadra lugha inayotumiwa na dunia nzima kukiri kosa la namna hiyo na kuligeuza.

Ruby imekuwa na safari ngumu zaidi, na nadhani inatufundisha zaidi, kwani humo swali limekuwa la siasa halisi. Kwa desturi yake, literali ya stringi katika Ruby huzaa stringi mpya inayobadilika kila mara. Ni salama, lakini kumbukumbu ya mashine hujaa nakala zisizo na kazi. Toleo la 2.3, mwaka 2015, likaruhusu mwandishi kuweka tangazo juu ya faili lake kwamba stringi zote za literali humo zigande. Mpango ulikuwa kuifanya hali hiyo kuwa ya kawaida kwa wote ifikapo toleo la 3.0. Toleo hilo lilipofika Desemba 2020 mpango ulikuwa umekwisha wekwa kando, kwani programu nyingi mno za zamani zingevunjika. Toleo la 3.4 la Desemba 2024 limechagua njia ya katikati: anayewasha maonyo huonywa pale literali inapogeuzwa, lakini hazuiwi. Miaka tisa ya mjadala, na bado hawajafika.

Wanaharakati wanaosoma hapa wasiwacheke. Kanuni mbaya ikishazoeleka, watu wema hujenga nyumba zao juu yake, na siku ya kuirekebisha wanaoumia si walioitunga. Nawaheshimu wasimamizi wa Ruby kwa kusita. Ninachokataa ni kusita huko kugeuzwa kuwa hoja kwamba desturi ya zamani ilikuwa bora. Anayeanzisha lugha mpya leo hana mzigo huo, na hana kisingizio.

Hoja moja ya wapinzani inanisumbua kweli. Kugandisha mara nyingi ni kwa juu juu. Katika Python unaweza kuandika jozi isiyobadilika, ndani yake ukaweka orodha inayobadilika. Jozi imeganda, tumbo lake linachemka. Ruby nayo ukiigandisha safu, vilivyomo ndani havigandi. Basi ahadi ya “hakibadiliki” inakuwa nusu ahadi, na nusu ahadi yaweza kumpoteza mtu kuliko kutoahidiwa kabisa. Jibu langu ni kwamba jina la literali listahiliwe tu na kile ambacho sehemu zake zote, hadi chini kabisa, nazo ni literali. Ukitia humo kigeu au wito wa methodi, hiyo si literali tena. Ni agizo la kujenga, na livae alama ya agizo. Najua ugumu wa kuitekeleza kanuni hii katika lugha zilizokwisha kukomaa. Sioni ugumu wa kuielewa.

Kwa nini nimewachukulia muda wenu kwa jambo la namna hii? Kwa sababu hesabu nyingi za umma siku hizi hufanywa na programu: ada, kodi, makato ya mshahara, marejesho ya mikopo ya wanafunzi. Siku raia akilalamika kwamba amekatwa kupita kiasi, ipo siku mtu atatakiwa kuifungua matini ya programu na kuisoma, awe mkaguzi, wakili, au mhandisi aliyeajiriwa wiki iliyopita. Atakuta imeandikwa 15 na atatoa taarifa kwamba ni 15. Ikiwa lugha iliyotumika inaruhusu kilichoandikwa kugeuzwa na sehemu nyingine ya programu bila maandishi kubadilika, basi taarifa yake haithibitishi kitu, naye hana hatia. Kosa linalotokana na kitu kilichoganda hupiga kelele palepale linapotendeka: mstari fulani umejaribu kugeuza kisichogeuzwa, programu inasimama, namba ya mstari inatajwa. Kosa la kitu kinachoshirikiwa na kugeuzwa hujitokeza mbali, katika ukurasa wa mwanachama ambaye hakuchelewa kikao.

Wengine wamenikumbusha suala la nywila. Husemwa kwamba nywila ni afadhali itunzwe katika kitu kinachobadilika ili ifutwe baada ya kutumika, na stringi isiyobadilika haifutiki. Ni sahihi. Lakini nywila huingizwa na mtumiaji, haiandikwi ndani ya matini. Anayeandika nywila kama literali ana tatizo jingine, nalo ni kubwa kuliko makala haya.

Nirudi kwa kijana. Jopo lilimpa wiki mbili za kurekebisha. Siku ya nne alikuja ofisini akiwa na kompyuta mkononi. Alikuwa amehamia namna nyingine ya kufafanua madarasa ya data, iliyoingizwa katika Python 3.7 mwaka 2018, ambayo orodha tupu ikiwekwa kama thamani ya msingi huikataa papo hapo na kudai ielezwe namna ya kuunda orodha mpya kwa kila mmoja. Hakuwa ameyajua hayo. Aliandika mstari wake uleule wa zamani kwa mazoea. “Mwalimu,” aliniambia, “safari hii imenikatalia kabla sijaandikisha hata mwanachama mmoja.” Akanionyesha ujumbe wa kosa, mstari mwekundu, na namba ya mstari. Nikamwambia avute kiti, tukaanza kuusoma.